Mwenye Maslahi Atoke Nje

3 Februari

Mwanangu Sindano,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Natumaini u mzima, unakula, na kile kikohozi cha mwaka jana kimekuacha. Mimi sijambo. Mguu wa kushoto unanisumbua asubuhi, lakini nikishaukanyagisha cherehani unasahau kuuma. Jirani wa upande wa bomba amepaka nyumba yake rangi ya kijani kali, sasa hata wanaomdai wanaiona toka mbali. Paka yupo, amenenepa, hana kazi anayofanya. Ananikumbusha marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, ambaye naye alikuwa hodari wa kukaa.

Najua utauliza, Shangazi si ana simu? Ninayo. Lakini simu ni ya salamu. Nikiongea dukani wateja wananyamaza ghafla kama watu wanaopimwa kiuno, na jioni mtandao unakula nusu ya maneno. Barua hainikatizi. Nampa dereva wa basi, na wewe unaisoma ukiwa umekaa.

Sasa jambo lenyewe. Nimechaguliwa mweka hazina wa kamati ya shule, ile ile uliyosoma wewe. Usicheke. Nilikwenda kupeleka sare za watoto wa jirani, nikakuta mkutano wa wazazi, nikakaa nipumzishe mguu. Mwenyekiti ni yule tunayemwita Ajenda, kwa sababu hawezi hata kuomba maji ya kunywa bila kusema ajenda ya kwanza. Akauliza ni nani anayeweza kushika pesa za watoto zisimnatie mikononi. Mtu wa nyuma akasema, fundi cherehani, maana yule hata kipande cha kitambaa kilichobaki anakurudishia. Wakapiga makofi. Nilikuwa bado nimekumbatia sare.

Pesa za shule siku hizi zinaletwa moja kwa moja benki, na sisi watatu ndio watia saini: Ajenda, mwalimu mkuu na mimi. Sindano, nusu ya kamati haijui hundi inashikwa upande gani. Na wewe kazi yako ndiyo hiyo, unazunguka kufundisha kamati za shule kutunza fedha. Unawafundisha watu baki, sisi damu yako tunapapasa gizani. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Waambie wakubwa zako wakulete huku hata kwa wiki moja. Chumba chako kipo. Nimeweka majora ya vitambaa kitandani, lakini hayo yanatoka mara moja.

Shangazi yako, mheshimiwa mweka hazina


24 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata ikiwa na alama ya kikombe cha chai, sijui chako au cha dereva. Mimi mzima, kikohozi kimekwenda zake. Bado napanga chumba kile kile nyuma ya duka la betri. Mwenye nyumba amenipunguzia kelele lakini hajapunguza kodi. Wiki tatu zilizopita nilikuwa njiani, shule baada ya shule, nalala kwenye nyumba za wageni ambazo mashuka yake yameshonwa na mtu aliyekuwa na haraka. Huwa nageuza pindo naliangalia. Wewe ndiye uliyeniharibu.

Hongera kwa cheo. Sikucheka. Sawa, nilicheka, halafu nikaacha, kwa sababu nilikuona na sare zako kifuani.

Lakini kuja kuwafundisha siwezi. Tuna kanuni: mkufunzi hapelekwi kwenye kamati ambayo ndugu yake ni mjumbe. Ndugu akimfundisha ndugu, mmoja anashindwa kumwambia mwenzake umekosea. Mganga hajigangi, Shangazi. Nimeomba shule yenu iwekwe kwenye mpango wa mwezi ujao na atakuja mwenzangu, tunamwita Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake. Ni mpole, anajua kazi. Mpe chai, usimpe maswali yangu.

Kabla hajafika, shika mawili tu. Usitie saini kwenye hundi ambayo haijaandikwa kiasi, hata mwalimu mkuu akikwambia anawahi basi. Na kila senti inayoingia na kutoka iandikwe na ibandikwe ubaoni, mzazi yeyote aone. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari lililofungiwa kabatini ni sawa na hakuna.

Nikufurahishe kidogo. Wajumbe ninaowafundisha hukaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, wanaona haya kama wamerudishwa darasa la kwanza. Nikifika kwenye bajeti nawaeleza habari zako. Nawaambia fundi mmoja ninayemjua hakati sare ya mtoto bila kuacha pindo nene, kwa sababu mtoto atakua na mama yake hana nyingine. Basi na bajeti iachieni pindo. Wanaelewa papo hapo. Wananiuliza, fundi huyo yuko wapi? Nawaambia yuko mbali.

Mwanao,
Sindano


29 Machi

Mwanangu Sindano,

Natumaini u mzima wa afya. Sisi huku mvua zimeanza, paa la jikoni linavuja pale pale linapovujaga, nimeweka ndoo ile ya bluu uliyokuwa ukiogea. Yule mwalimu wako wa darasa la nne amestaafu. Alinisimamisha njiani akaniuliza habari zako, nikamjibu unafundisha watu wazima, akasema huyo hata akiwa mdogo alikuwa anatufundisha sisi.

Kofia alikuja. Siku mbili nzima hakuvua kofia wala hakuchoka. Nilimpa chai, na maswali yako nilimpa pia. Anasema unafanya kazi kupita kiasi na huendi kwenye harusi za wenzako. Hilo tutalizungumza siku nyingine.

Alitufundisha vizuri, lakini somo moja limetuletea kioja. Alisema panapoamuliwa jambo ambalo mjumbe ana faida nalo, mjumbe huyo atangaze maslahi yake mbele ya wote, waandike, kisha atoke nje mpaka wenzake waamue. Tukalipenda sana. Kofia alipopanda basi, kesho yake tukakaa kikao. Zilikuwa zimekuja pesa za kuwashonea sare watoto wasiojiweza, na ilibidi tuchague fundi.

Nikasimama wa kwanza. Nikasema, natangaza maslahi, mimi ni fundi. Nikatoka, nikakaa kwenye benchi la barazani, najisikia raia mwema. Punde Ajenda naye akatoka: mkewe anauza vitambaa. Akafuata mama wa genge, kaka yake ni yule fundi mwingine, Mkasi. Akafuata mzee wa kamati kwa sababu wajukuu zake watapewa sare. Wa tano alitoka kwa vile anamdai Mkasi. Mwisho ndani akabaki mwalimu mkuu peke yake na ubao. Akachungulia mlangoni, akatukuta sote tumejipanga kwenye benchi. Akauliza kwa upole, "Sasa ndani anaamua nani?"

Na wala hatukuona haya. Kwa kuwa sote tulikuwa tumetoka, tukalizungumza jambo lile lile pale barazani, tukafikia uamuzi, tukarudi ndani kuuandika. Walinichagua mimi.

Nikalala vibaya. Naona kama tumekanyaga kitu lakini sikijui jina. Nieleze wewe, nikosoe, sahau kidogo kwamba ni Shangazi. Ungekuwepo ningekuuliza huku unachemsha chai, lakini asiyekuwepo na lake halipo.

Shangazi yako


20 Aprili

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na pole na paa. Mwambie fundi wa bati aanzie upande wa bomba, maji huwa yanapita pale yanatokea jikoni. Nakumbuka.

Barua yako niliisoma kwenye ngazi za ofisi, nikacheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimefiwa. Niliwasomea wenzangu ile sehemu ya benchi bila kutaja mtu. Kofia akainamisha kichwa, nusura kofia ianguke.

Umeniambia nikukosoe, basi nakukosoa. Mwenye maslahi ni yule ambaye mfuko wake au nyumba yake itanufaika. Anayemdai Mkasi hana maslahi, ana deni la kufuatilia. Wengine mlistahili kutoka. Ila mkitoka, barazani mnakaa kimya. Jambo lililoachwa ndani halizungumzwi nje, hata kwa kukonyezana. Na kama wanaobaki hawatoshi, kamati haiamui tena. Jambo linapelekwa kwenye mkutano mkuu wa wazazi, mbele ya watu wote.

Kwa hiyo uamuzi ule ufuteni. Najua maana yake, Shangazi. Najua sare ndizo zinazokulisha miezi hii. Nimeiandika sentensi hiyo nikaikata, nikaiandika tena. Ungekuwa mjumbe wa shule nyingine ningekuambia na kwenda kulala. Sasa naelewa kwa nini tuna ile kanuni ya ndugu.

Huku mvua hazijafika. Jioni natoka kazini napita mtaa wa mafundi cherehani. Wako kumi hivi kwenye kibaraza kimoja, na zile mashine zikilia kwa pamoja nafika mwisho wa mtaa bila kujua nimefikaje. Halafu narudi tena juu kama mtu aliyesahau kitu. Wameshanizoea. Mmoja ananiita mkaguzi.

Mwanao,
Sindano


18 Mei

Mwanangu Sindano,

Nakusalimu. Paa limezibwa, ulisema kweli, lilikuwa upande wa bomba. Paka amezaa. Kumbe miaka yote hii tunamwonea marehemu mume wangu kwa kumfananisha na mama wa watu.

Uamuzi tuliufuta. Ajenda alinuna siku nzima, halafu akaitisha mkutano mkuu. Wazazi walijaa hadi madirishani. Nikatangaza maslahi yangu mara ya pili na nikatoka, safari hii kweli kweli. Mimi, Ajenda, yule mama wa genge na mzee wa wajukuu tulikaa kwenye benchi moja, hakuna aliyefungua mdomo. Ajenda bila ajenda, ungemhurumia.

Wakampa Mkasi. Bei yake ilikuwa chini kidogo. Mapindo yake unayajua, mtoto akirefuka kidole kimoja goti liko nje. Lakini walio ndani wameamua, na mimi nilikuwa nje. Hundi yake nimeitia saini kwa mkono wangu, kiasi kimeandikwa, risiti nimeipokea, na hesabu iko ubaoni. Mkasi alipokuja kuchukua hundi alinishika mkono kwa mikono miwili. Nilirudi nyumbani nikamshonea mteja gauni la kitchen-pati, nikatia mikono mahali pa shingo. Nikafumua.

Iliniuma. Sikufichi. Ila nilipokuwa pale barazani nilifikiria jambo jingine kabisa, si sare. Ukikaa nje ya chumba ambacho watu wanaamua jambo lako, unasikia sauti bila maneno. Unajua wanakutaja lakini hujui wanasemaje. Nikafikiria miaka hii minne. Ndivyo ninavyokaa na habari zako.

Siku ile stendi nilikuambia panda basi na usigeuke nyuma, anayegeuka hupotewa na njia. Hukugeuka. Mtoto mtiifu. Ungegeuka ungeniona, maana nilisimama mpaka vumbi lilipotua, na baada ya hapo nikasimama tena kwa vile sikuwa na haraka ya kurudi kwenye nyumba ambayo kaka yangu aliniachia mtoto, na mtoto mwenyewe nimempandisha basi.

Basi, yamepita. Mkataba wako wa kazi unaisha lini? Nauliza tu.

Shangazi yako


11 Juni

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Hongera kwa watoto wa paka, na samahani zimfikie marehemu alipo. Nimefurahi kusikia paa limepona. Mimi mzima.

Mambo ya sare nimeyasoma mara nyingi. Nilitaka kukuandikia kwamba najivunia, lakini neno hilo ni dogo. Nimekuwa nikifundisha somo lile kwa miaka minne na sikuwahi kumfikiria aliye kwenye benchi. Nilikuwa nikisema "atatoka nje" halafu nageukia walio ndani. Sasa nikifika hapo natazama kwanza mlangoni. Wajumbe wanafikiri nimesahau somo.

Kuhusu stendi, sikujua. Miaka yote nilidhani uliondoka mapema kwa sababu ya wateja.

Umeuliza mkataba. Unaisha mwisho wa Agosti, na nina mambo mawili mezani. Ofisi inataka niende mbali zaidi, safari ya siku mbili kutoka hapa, niwe mkuu wa wakufunzi kwa miaka mitatu. Mshahara mzuri, nyumba ya kazi. Hilo la kwanza. La pili, kwenye ofisi ya elimu ya huko nyumbani, ile yenye ukuta uliobanduka chokaa karibu na posta, wanatafuta mtu wa kufuatilia kamati zote za shule za eneo. Ni cheo kidogo, na kiti chake nakikumbuka, kina mguu mmoja mfupi. Waliuliza kama naweza kuomba. Nimeomba. Wamenikubali.

Ila kuna kanuni ile ile. Nikikishika kiti hicho, ndugu yangu hawezi kuwa mjumbe wa kamati iliyo chini yangu. Ingekubidi uache uweka hazina, wewe uliyeupata kwa makofi, na uliyeulipia kwa sare. Sitaki kukunyang'anya kitu cha pili mwaka huu. Na sijui pia kama ungependa mtoto uliyemwambia asigeuke arudi na cheo kidogo kuliko alichoondokea.

Ofisi zote mbili zinataka jibu kabla ya Julai kuisha. Wewe ndiye uliyenilea. Niambie nifanye nini, nitafanya.

Mwanao,
Sindano


16 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata barua yako. Nimekwenda kwa dereva kila alipofika, mpaka sasa akiniona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijamfikia. Nilipokupigia simu ulinieleza habari za watoto wa paka na bei ya uzi, nikakuuliza lile jambo, ukasema barua iko njiani. Halafu mtandao ukakata, au wewe ndiye uliyekata.

Nisamehe kama nimekuudhi kwa kutaja uweka hazina. Nafanya kazi, naongea na watu, nakula. Usiku nafungua dirisha, nje kuna ukuta tu wa duka la betri. Andika hata mstari mmoja.

Sindano


22 Julai

Mwanangu Sindano,

Hujambo, mwanangu. Mimi sijambo, na hujaniudhi. Siku ile ya simu mimi ndiye niliyekata. Nilisema barua iko njiani nikiwa bado sijaiandika, lakini kalamu ilikuwa mkononi, kwa hiyo ni uongo mdogo. Nimeanza barua hii mara nyingi. Nilikuandikia nenda huko mbali, upate nyumba na mshahara, nikaichana. Nikakuandikia rudi, nikaichana hiyo kwa hasira zaidi. Paka amelalia karatasi zote.

Hatimaye nikamkumbuka Kofia, nikaona njia ilikuwepo muda wote na wewe ndiye uliyeninyooshea.

Umeniuliza ufanye nini. Siwezi kukujibu, mwanangu. Natangaza maslahi.

Nayatangaza mbele yako, na wewe uyaandike kama inavyotakiwa. Nina maslahi makubwa katika jambo hili. Faida nitakayoipata ni hii: kumsikia mtu akifungua mlango wa nyuma bila kubisha hodi. Majora ya vitambaa yametoka kitandani tangu Machi, nilikuambia yanatoka mara moja, basi yalitoka, na nikamwambia jirani nimeyahamisha kwa ajili ya mende. Nikinunua mkate nanunua mzima kama tuko wawili, halafu nusu inakauka. Nimekukumbuka, Sindano. Nimekukumbuka mpaka nimechoka kujifanya sikukumbuki. Ndiyo maslahi yangu, yote hayo, sijabakiza.

Na mtu mwenye maslahi ya namna hiyo hafai kukaa chumbani jambo likiamuliwa. Hata akinyamaza, macho yake yatapiga kura.

Kuhusu uweka hazina usiutie kwenye mizani. Nimewafundisha wenzangu wawili kuandika daftari, na mmoja ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Kuhusu cheo kikubwa na kidogo, nilipokuambia usigeuke nilikuwa nakutoa, sikuwa nakufungia mlango. Hayo mawili nayasema kama maelezo tu, si kama kura.

Basi natoka nje. Niko kwenye benchi, nimenyamaza. Sitachungulia dirishani, na simu nimeizima mpaka upate uamuzi wako. Amua kwa faida yako, kama walivyoamua wale wazazi. Ukimaliza niite, na lolote mtakalokuwa mmeliamua huko ndani nitalitia saini kwa mkono wangu.

Shangazi yako


30 Julai

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mguu haujakaza kwa kukaa kwenye benchi.

Barua yako ilifika Jumapili. Dereva alinipungia mkono toka kwenye usukani kabla hajasimamisha basi. Sikuisoma stendi. Niliipeleka hadi kwenye mtaa wa mafundi, nikaomba kukaa kwenye kibaraza chao, na yule anayeniita mkaguzi akanipa kigoda. Nilipofika penye mkate nililia, na hakuna aliyesimamisha cherehani, jambo ambalo niliwashukuru.

Kisha nikaitisha kikao kama ulivyoagiza. Nilikaa chumbani kwangu, nikafunga mlango. Maslahi yako nimeyaandika neno kwa neno. Nikamtazama mjumbe aliyebaki ndani, nikamuuliza kama naye hana lolote la kutangaza, kwa sababu kanuni inataka kila mmoja aulizwe.

Analo. Miaka minne anageuza mapindo ya mashuka ya watu. Akisikia cherehani anarudi juu ya mtaa alioushuka. Anajua paa la jikoni linavuja upande gani, akiwa safari ya basi ya kutwa nzima kutoka hapo. Kwenye kila darasa amesimulia habari za fundi fulani, ili tu amtaje. Amekukumbuka, Shangazi, na alikuwa akidhani hakuna wa kumwambia, kwa sababu aliambiwa asigeuke.

Kwa hiyo naye imembidi atoke. Yamekuwa yale yale ya kamati yenu: nimechungulia ndani, sioni mtu, ni ubao tu. Kwa kuwa sote wawili tulio nje tuna maslahi yale yale, ofisini nimewaandikia jana kwamba huko mbali siendi, na ile ofisi ya nyumbani nimewaambia nakuja. Mkataba ukiisha mwezi ujao napanda basi. Jiuzulu kabla sijaripoti kazini, na ukabidhi vitabu kwa yule mwenye mwandiko mzuri. Mwakani zikija pesa za sare omba kazi kama fundi mwingine yeyote, Mkasi apate mshindani. Siku hiyo mimi ndiye nitakayetoka nje.

Benchi lile nalijua, ni fupi. Sogea kidogo, nipishe. Jambo lenyewe hatutalizungumza, barazani hairuhusiwi. Tutakaa tu.

Mwanao,
Sindano